Kalamu ya Chuo na Kalamu ya Kazi

Kosa la mwanafunzi ni mali yake. Akikosea hesabu katika mtihani, alama hupungua katika karatasi yake, si katika ya mwenziwe. Akianguka huanguka peke yake, na akirudia mtihani huurudia peke yake. Mama yake atahuzunika na mlipaji wa ada atanung'unika, lakini hakuna daraja litakalovunjika kwa sababu ya hesabu ile, wala mgonjwa atakayezidishiwa dawa. Karatasi itakusanywa, itasahihishwa kwa wino mwekundu, itafungiwa kabatini, na baada ya miaka michache itachomwa moto. Kwa muda wa miaka kumi na sita au zaidi, tangu darasa la kwanza hadi siku ya kuvaa joho, kijana huishi katika nchi hii ya ajabu ambamo makosa ya mtu hayamdhuru mtu mwingine.

Kisha jina lake hutokea katika orodha ya walioajiriwa. Hupanda basi, husafiri siku nzima au mbili, huripoti kwa mkurugenzi wa halmashauri akiwa na vyeti vyake ndani ya bahasha, hujaza fomu, na huoneshwa meza ambayo mguu wake mmoja umeegemezwa kwa kipande cha tofali. Wanaozungumza juu ya badiliko hili aghalabu huzungumza juu ya yale yaonekanayo: kuamka alfajiri hata kama usiku ulikuwa mrefu, kutafuta chumba cha kupanga, kukopa unga dukani kwa sababu mshahara wa kwanza haujatoka, kukaa kikao na watu walio sawa na baba zake na kuambiwa atoe maoni. Yote haya ni kweli na yana taabu yake, lakini ni taabu inayozoeleka kabla ya mwaka kwisha. Badiliko kubwa halionekani. Nalo ni kwamba tangu asubuhi ile kosa lake limeacha kuwa mali yake.

Achukuliwe karani aliyepewa kazi ya kuandika majalada ya watumishi. Mbele yake pana vyeti vya mlinzi wa shule ambaye jina lake limeandikwa Athumani. Ni saa nane mchana, joto ni kali, na karani amezoea kuona jina hilo likiandikwa Othmani. Basi huandika Othmani, hufunga jalada na kuchukua jingine. Chuoni kosa hili lingemgharimu nusu alama, na mwalimu mpole pengine asingelitazama. Lakini jalada halichomwi moto. Hukaa kabatini likisubiri, kisha huingizwa katika kompyuta pamoja na kosa lake, na mlinzi yule anapostaafu jina la kazini halipatani na la kitambulisho cha taifa wala na la benki. Huambiwa alete hati ya kiapo. Hati ya kiapo hutaka wakili, wakili hutaka fedha, na mji wenye wakili hutaka nauli. Akirudi na hati huambiwa mwenye kulishughulikia jalada lake yuko safarini. Hulala kwa jamaa, ambaye siku ya tatu huanza kumwuliza kwa upole safari ya kurudi ni lini. Mafao yaliyo haki yake kwa kulinda shule mvua na jua huyafuata kama mwombaji wa sadaka. Naye karani wakati huo amekwisha kuhamishwa na kupanda cheo. Yamkini ni mtu mwema, mwenye kuswali na kuwafaa majirani zake. Wala hana habari kwamba yuko mzee ambaye kila akipanda basi humlaani mtu asiyemjua.

Mpima ardhi akisimika jiwe la mpaka hatua tatu kando ya mahali pake, ndugu wawili watagombana, na watoto wao watarithi ugomvi pamoja na shamba. Muuguzi asipoiona nukta iliyopo, dozi huwa mara kumi. Hapana haja ya kuendelea na mifano. Kila kazi inayo ya kwake.

Swali la maadili huzaliwa hapa. Je, kijana aliyekosea kwa sababu ni mgeni wa kazi ana hatia? Wako wasemao kwamba hana, maana hakukusudia, na hakuna aliyezaliwa akijua. Methali hunena kwamba kosa moja haliachi mke. Basi kosa moja lisimvunje mtu anayeanza. Wako pia wasemao kwamba anayo, kwa kuwa alikubali mshahara, na apokeaye ujira wa kujua hawezi tena kujitetea kwa kutojua. Pande zote mbili husema kweli, lakini zote humtazama kijana tu, kana kwamba yeye ndiye mtu wa pekee katika habari hii. Ugeni ni udhuru wa haki, na mkuu wa kazi asiyeukubali ni mkatili. Lakini udhuru humwondolea mkosaji lawama. Haumwondolei aliyekosewa madhara. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone; ofisini mgeni huja, na pengine mwenyeji ndiye anayeumia.

Serikali na vyama vya taaluma vimelifahamu jambo hili kwa kadiri. Mtumishi mpya wa umma katika Tanzania huwekwa katika majaribio ya miezi 12 kabla ya kuthibitishwa. Daktari aliyehitimu hutumikia mwaka mmoja wa utarajali chini ya macho ya madaktari wakubwa. Mwanasheria wa Tanzania Bara atakaye kuwa wakili hupelekwa Shule ya Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mipango hii ni mizuri, ila haifanani. Utarajali wa daktari humlinda mgonjwa, maana yuko mtu anayeisoma dawa iliyoandikwa kabla haijamezwa. Majaribio ya karani hayamlindi mlinzi wa shule hata kidogo; humlinda mwajiri, ambaye anaweza kumwondoa mtumishi asiyefaa bila ya usumbufu mkubwa. Jalada lililokwisha kuharibika haliwekwi katika majaribio.

Mafundi wa zamani wa pwani walikuwa na njia nyingine. Mwanagenzi wa seremala hakupewa mlango wenye nakshi siku ya kwanza. Alifagia maranda, akashika ubao upande wa pili wakati fundi akikata, akanoa patasi, akapiga randa mbao za ndani zisizoonekana, na aliposhika kazi yenye kuonekana alikuwa amekwisha kukosea mara nyingi katika vipande vilivyotupwa jikoni kuwa kuni. Makosa yake yaliteketea karakanani, mteja hakuyajua. Haifai kuupamba utaratibu huo kupita kiasi, kwa sababu wanagenzi wengi walipigwa, wengine walifanya kazi miaka bila ya ujira, na fundi mwenye choyo aliweza kuficha siri ya ufundi mpaka kaburini. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo chuo hakina: kujua na kutenda vilikua pamoja, kama miguu miwili ya mtoto mmoja. Chuo hukuza mguu mmoja kwa miaka mingi, kisha humwambia kijana akimbie.

Hata hivyo pengo la ujuzi si jambo baya kupita yote. Ujuzi hupatikana; mtu mwenye masikio atajifunza katika miezi sita yale ambayo mihadhara haikumpa. Jambo baya ni tabia ambayo kijana hutoka nayo chuoni bila ya kujua kwamba ameibeba. Katika mtihani, asiyejua hafaidiki kwa kusema kwamba hajui. Hufaidika kwa kuandika maneno mengi yanayokaribia ukweli, na kwa kutumaini kwamba msahihishaji amechoka. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuongezewa alama kwa sababu aliandika pembeni, "Jibu hili nimelibahatisha." Hivyo kwa miaka kumi na sita hufundishwa, pasi na mtu yeyote kukusudia kumfundisha, kwamba kutojua ni aibu ya kufichwa na kwamba kosa lisiloonekana si kosa. Chuoni tabia hii ni werevu mdogo usiomdhuru mtu. Kazini ndiyo inayoua. Muuguzi aliyekosea dozi na kusema papo hapo amekosea mara moja. Aliyekosea na kunyamaza ameanza jambo jingine kabisa, ambalo jina lake si kosa tena.

Kwa sababu hii ile kauli inayopendwa sana katika mahafali, kwamba msomi ana deni kwa jamii, yapasa iulizwe vizuri: ni deni gani, na hulipwa kwa sarafu ipi? Katika Tanzania swali hili liliwahi kuitikisa nchi. Mwalimu Nyerere alipenda kutumia mfano wa kijiji chenye njaa ambacho watu wake walimpa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Akikila na asirudi, ni msaliti. Mwaka 1966 serikali ilipendekeza kwamba wahitimu walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu ya kwanza kambini na sehemu iliyobaki katika kazi zao, wakipokea asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa chuo cha Dar es Salaam kilichokuwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti hayo. Rais aliwasikiliza, kisha akawafukuza warudi makwao. Lakini pia alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini, akaupunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Wengi wa wanafunzi wale walirudishwa masomoni.

Ni rahisi leo kuwacheka vijana wale kwa ubinafsi, na ni rahisi vilevile kuwatetea kwamba walitakiwa wajinyime peke yao hali wakubwa wanakula. Walikuwa na sehemu ya haki, na kitendo cha Rais kupunguza mshahara wake ni ushahidi wa sehemu hiyo. Lakini katika mabishano yote yale pande mbili zilikubaliana juu ya jambo moja pasi na kulijadili: zilikubaliana kwamba deni la msomi hupimwa kwa fedha na kwa miezi. Upande mmoja ulisema asilimia 40 yatosha kuishi, upande wa pili ukasema haitoshi. Fikra hiyo haijafa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humkata mkopaji aliyeajiriwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016. Ni haki mkopo ulipwe, maana fedha hizo ndizo zitakazomsomesha mwingine. Ila siku makato yanapokoma kijana husikia kwamba amekuwa huru, hadaiwi na mtu. Mlinzi wa shule, ambaye kodi ya sukari yake ilikuwa humo katika fedha za mkopo, hakulipwa chochote kwa asilimia 15 ile. Alichokuwa akimdai karani ni herufi chache zilizoandikwa sawasawa.

Liko pia deni la nyumbani, nalo hudaiwa kwa sauti kubwa kuliko la taifa. Mshahara wa kwanza kwa desturi ni wa mama: doti ya khanga, kilo za sukari, pengine bati za kumalizia paa. Hakuna zawadi tamu kuliko hiyo katika maisha ya mtu. Lakini mwezi wa pili mdogo wake amefukuzwa shule kwa michango, mwezi wa tatu mjomba anaumwa, na kijijini habari zimekwisha kuenea kwamba mtoto wa fulani ameshika kazi ya serikali, ambayo kwa hesabu ya kijiji maana yake ni mali isiyokwisha. Kijana huona haya kusema kiasi halisi cha mshahara wake. Katika wakati kama huo mtu mmoja mwenye shida na faili lake huweka noti mezani na kusema ni ya soda. Ni kidogo sana. Hakuiomba. Nayo yatosha nauli ya mjomba kwenda hospitali. Wengi walioharibika hawakuharibiwa na tamaa ya magari. Walianza kwa wema, wakawa wakarimu kwa jamaa zao kwa fedha za watu wasiowajua. Aliyetoa noti ile naye ana mjomba.

Ugumu wa mambo haya ni kwamba aliyekosewa hayupo chumbani. Mama yuko katika simu, mkuu wa kazi yuko mlangoni, wenzake wako meza ya pili wakitazama. Yeye peke yake hana sauti, kwa kuwa bado hajajua kwamba amekosewa. Kazi ya kwanza ni mahali ambapo kijana hutakiwa kumwona mtu asiyeonekana, na hakuna somo chuoni linalofundisha kuona huko.

Na atazamwe mwalimu mmoja katika mwezi wake wa pili wa kazi, katika shule ya sekondari ya kata, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka barabara ya lami. Anafundisha jiografia kidato cha kwanza, mikondo miwili, wanafunzi sabini na zaidi katika kila mkondo. Amefundisha somo la longitudo na saa: kwamba dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, na kwamba atokaye nyuzi 15 mashariki, karibu na Kinshasa, akaja nyuzi 45 mashariki, ambazo ndizo zifuatwazo na saa za Afrika Mashariki, amevuka nyuzi 30, yaani saa mbili. Mpaka hapo ni sawa. Kisha alitoa saa mbili hizo badala ya kuziongeza. Akaandika ubaoni kwamba Kinshasa ikiwa saa sita mchana, huku ni saa nne asubuhi. Wanafunzi walinakili kwa mwandiko mzuri. Alitoa zoezi, nao wakatoa saa kama alivyotoa yeye, naye akawapa vyema. Usiku mmoja, akisahihisha kwa taa ya sola, alifika kwenye daftari la msichana aliyeandika saa nane mchana. Akaiweka alama ya mkosa. Kisha akasita na kulitazama jibu tena, akafungua kitabu.

Mambo yaliyompitia moyoni usiku ule yanaweza kukisiwa na yeyote aliyewahi kuwa mgeni wa kazi. Angeweza kulifundisha somo upya kama marudio, bila kusema kitu, na walio wepesi wangelinganisha na kujirekebisha wenyewe. Hilo halingekuwa uongo. Angeweza kunyamaza, maana mtihani wa kidato cha pili uko mbali na huenda akawa amehamishwa. Angeweza kulifuta mkosa katika daftari moja tu, la msichana yule, naye angefurahi na asiulize. Asubuhi alimwendea mwalimu wa taaluma, mtu wa makamo, mwema kwake tangu siku aliyoripoti, aliyemwazima godoro. Mzee yule alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akamwambia, "watoto hawa wakijua kwamba mwalimu hukosea, nidhamu itakwenda wapi? Rudia somo, wataelewa. Usijivue nguo mbele yao."

Shauri hili si la kudharauliwa. Limetoka kwa mtu aliyetawala madarasa makubwa kwa miaka mingi bila ya vitabu vya kutosha, naye anajua kwamba heshima ya mwalimu kijijini ndiyo ubao, chaki na ukuta wa darasa. Kijana alimshukuru. Alikwenda darasani, akaitikia shikamoo zao, akasimama kidogo akiwa na chaki mkononi, kisha akasema kwamba somo la wiki mbili zilizopita alilifundisha kimakosa, kwamba aliyepata vyema amekosa, na kwamba aliyekosa amepata. Hakulitaja jina la msichana, lakini darasa zima liligeuka kumtazama, kwa maana habari za daftari hazifichiki. Kulikuwa na kicheko nyuma, si kikubwa. Akachora tena duara la dunia na jua, akaonesha upande ambao jua huanza kuonekana, akawauliza wao wenyewe nani huwahi kuamka, wa mashariki au wa magharibi. Wakajibu. Vifutio vikaanza kusugua, na kwa dakika nyingi hapakuwa na sauti nyingine darasani.

Kabla kengele haijalia, mvulana wa dawati la mwisho, ambaye hakuwa na kifutio na alikuwa akifuta kwa kidole kilicholoweshwa mate, alinyosha mkono.

"Samahani mwalimu," akasema. "Na wale wa mkondo B?"

Mwalimu aliitazama ratiba iliyobandikwa ukutani. Mkondo B walikuwa na kipindi cha hisabati. Akachukua chaki yake na kitabu, akatoka, akaenda kubisha mlango wa pili.